Kidani Kilichoonekana Mwisho wa Mkanda wa Bwana Viatu

KITUO CHA POLISI, FAZA
MAELEZO YA ZIADA YA SHAHIDI

Jina: Khairiya Athman Hamdu
Umri: Miaka 71, au 72, mama hakuandika
Kazi: Mpishi wa mikate ya mofa
Makazi: Faza, kisiwa cha Pate
Elimu: Chuo cha Kurani, skuli miaka miwili
Tarehe na saa: 14 Agosti 2025, saa tatu na nusu asubuhi

Mimi ndimi Khairiya niliyetajwa hapo juu. Jumatatu tarehe 11 niliandikisha maelezo hapa kituoni juu ya kidani cha dhahabu. Leo nimekuja kuyarekebisha. Sikuitwa na mtu. Kesho Ijumaa Asmaa Jeilani anafikishwa kortini Lamu kwa wizi, na anafikishwa kwa maneno yangu, ndiyo sababu nimekuja kabla hata ya kuuza mikate.

Jumatatu nilisema hivi. Jumamosi tarehe 9, kwenye harusi moja hapa Faza, nilimwona Asmaa amevaa kidani cha mnyororo mzito, katikati kina hirizi ya dhahabu. Nikakitambua kuwa ni cha marehemu Bi Razan, ambaye Asmaa alimuuguza miezi minane mpaka akafariki mwezi wa Mei. Nikamwambia Taufiq, mwanawe Razan. Taufiq ana picha ya harusi ya mamake ukutani, na kidani ni hicho hicho, ki shingoni. Asmaa alisema kidani amekirithi kwa mamake, marehemu Mahfudha. Afisa aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu, mimi ndiye niliyempamba Razan mwaka 1996, nikose hakika nina wazimu?

Mnamo Jumatano tarehe 13, saa nne asubuhi, jirani yangu Fahima alikuja kwangu na deki ya video. Ilikuwa kwa fundi Lamu tangu Ramadhani. Mimi nina kasha la mikanda aliyoniachia marehemu mume wangu, Bwanamkuu. Alikuwa akirekodi mchezo wa upelelezi wa kizungu uliokuwa ukionyeshwa kila Alhamisi. Jina lake la kizungu silijui. Sisi tulimwita yule mpelelezi Bwana Viatu, kwa kuwa akimhoji mtu humtazama viatu kwanza, uso baadaye. Na yeye mwenyewe huingia majumbani mwa watu na viatu vyake, hadi kwenye mazulia, hana adabu. Lakini akili anayo. Tukatia mkanda mmoja.

Fahima aliuliza, "Bi Khairiya, huu si umeuona mara mia?"

Nikamwambia, "Nimeuona, lakini muuaji nimemsahau. Keti."

Ni kweli nilimsahau. Nilikumbuka taa ya mezani, nikakumbuka mbwa, na mpishi mwenye uvimbe shavuni. Muuaji sikumkumbuka. Jambo hili lilinishangaza, nikawa natazama kwa makini kuliko zamani. Fahima alisema ni mpishi. Nikamwambia we huoni, mpishi ana kazi nyingi, ataua saa ngapi? Akatokea kuwa ni daktari, na daktari mwenyewe ndiye aliyeitwa kuthibitisha kifo. Fahima akasema, "Astaghfirullah, si ndiye aliyekuwa akilia?"

Zamani Bwanamkuu alikuwa akizima mchezo ukimalizika tu. Jana sikuzima. Nilitaka Fahima anisomee jina la yule aliyecheza daktari, nione kama amewahi kucheza mchezo mwingine. Majina yakapanda yakaisha. Kioo kikafanya chengachenga. Halafu zikatoka ngoma na vigelegele, na ukumbi wa nyumba ya kina Razan umejaa wanawake.

Naeleza ilivyokuwa. Mikanda ya harusi ya wanawake hatukuiandika juu, makusudi, ili mwanamume asijue kilichomo akaitia kwenye deki. Mkanda wa harusi ya Razan niliuazima kwake. Bwanamkuu aliukuta hauna maandishi, akadhani ni mtupu, akarekodi Bwana Viatu juu yake. Nilimgombeza wiki nzima. Razan nikamwambia mkanda umeharibika, basi. Kumbe mchezo ulikuwa mfupi kuliko harusi.

Nilichokiona ni hiki. Razan ameketi, amevaa nguo za harusi, shingo haina kitu. Mahfudha, mamake Asmaa, anaingia amempakata Asmaa ambaye hajatimiza mwaka. Kidani kimo shingoni mwa Mahfudha. Anakivua, anamvika Razan. Anasema, na sauti yasikika wazi: "Hichi ni cha kupambia tu. Kesho nitakuya kukitwaa." Razan anacheka, anamwambia, "Kitwae na mume pia, kama wamtaka." Mahfudha anaonyesha pembe ya hirizi, anasema, "Na hapa palipobonyea ni meno ya huyu. Usidhani ni wewe."

Kwetu bibi arusi hupambwa kwa dhahabu ya kuazima. Huyu huleta bangili, yule huleta kidani, na asubuhi kila mtu huchukua chake. Wanawake wote wa Faza wanalijua hilo, na mabinti wengi nimewapamba mimi. Lakini picha ile ya harusi ilining'inia ukutani kwa Taufiq miaka ishirini na tisa, na mimi nikawa naona kidani cha Razan.

Konstebo anayeniandikia ameniuliza mbona sikukumbuka mwenyewe. Nami najiuliza tangu jana. Nilirudisha mkanda nyuma mara nne. Nimo humo ndani. Nimesimama nimeshika chetezo cha ubani, mwembamba, nazungumza bila kunyamaza, na kidani kinatoka shingo hii kwenda shingo ile mbele ya mato yangu. Sikukitazama. Nilikuwa natazama viatu vya mama mkwe wa Razan.

Leo saa tatu nilipofika na mkanda, Sajini Zaki alinyoosha mkono apokee. Nikamwambia, "Shusha mkono, mwanangu. Humo mamako yuko kichwa wazi, anacheza." Akashusha. Mkanda nimemkabidhi Konstebo Keziah peke yake. Utazamwe na wanawake, mlango umefungwa, na Taufiq asipewe nakala hata akilia. Akitaka kumwona mamake, mimi nitamsimulia alivyokuwa.

Kisha Konstebo alinionyesha kidani kilichohifadhiwa hapa. Pembe ya hirizi imebonyea. Si cha Razan. Ni cha Mahfudha, na sasa ni cha Asmaa.

Taufiq hakusema uongo. Aliona picha, akaniamini mimi.

Nina jambo la mwisho. Jumatatu, afisa alipotoka kutafuta karatasi, nilibaki na Asmaa kwenye benchi. Nilimwambia, "Mamako kafa akishona kofia za watu. Dhahabu kaipata wapi?" Neno hilo halimo kwenye maelezo ya kwanza kwa sababu hakuna aliyelisikia isipokuwa yeye. Liandikwe leo. Kidani nilikosea. Neno hilo nilikusudia.

Nimesomewa yote haya, ni yangu, na hakuna aliyenishurutisha. Mimi huyu atanishurutisha nani?

Sahihi ya shahidi: (jina kwa herufi za Kiarabu)

Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Keziah Muthoni, na shahidi amesomewa kwa Kiswahili. Mkanda mmoja wa video umepokelewa. Asmaa Jeilani ameitwa kwa simu afike kituoni saa nane mchana. Shahidi ameambiwa anaweza kwenda nyumbani. Amekataa. Ameketi kwenye benchi la nje, upande mmoja, ameacha nafasi ya mtu wa pili.