Kati ya Kambale na Kakule

Goma, upande wa Lac Vert
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye nchi ya mawe meusi. Magoti yako yanasemaje? Yanakubali kupanda mpaka kanisani, au padri anakuletea komunyo nyumbani kama mheshimiwa? Na yule mbuzi mkaidi, bado anakula maharagwe ya jirani na kukuletea kesi? Sisi huku tunapumua. Kavira, mkwe wako, anafulia watu nguo mjini, na mimi nasukuma chukudu yangu ya mbao yenye magurudumu mawili, nabeba mizigo ya samaki kutoka soko la Kituku. Watoto wote ni wazima. Nimesema wote, na neno hilo ulishike, maana barua yangu yote inalizunguka.

Anayekuletea ni mama mmoja wa Butembo anayeuza vitenge. Anazunguka kupitia Uganda mpaka Kasindi, kwa kuwa barabara yetu imefungwa na vita. Mpe chai, ametembea. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kila ukipiga unaniuliza, kwa utani wako wa bibi na mjukuu, "Mume wangu Kasereka anaendeleaje?" nami nakujibu kwamba yuko vizuri, kisha nasema mtandao unakatika. Mama, mtandao ulikuwa mzima. Nilikata mimi.

Unajua tulivyotoka Kibumba. Kabichi zilikuwa zimefunga vizuri, nilikuwa natafuta mnunuzi wa shamba zima, na asubuhi hiyo mabomu yakaanza kuanguka ng'ambo ya kilima. Kasereka nilimweka juu ya gunia kwenye chukudu, Kavira akamfunga na kitenge chake asianguke. Ana miaka minane sasa na miguu bado haijakubali kumbeba. Njia nzima alikuwa anacheka, kwa sababu chukudu ilikuwa inakimbia. Watu walilia huku na huku, na mjukuu wako anapiga makofi.

Tulipofika Goma walituweka kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine. Siku ya pili kifafa kikamkamata mbele ya watu wote. Mama, sijapata kuona mikeka inakunjwa haraka namna ile. Mmoja alisema povu la mdomo linaambukiza, mwingine akasema mtoto kama huyu ndiye anayeita bahati mbaya mahali. Walituomba tutoke. Kavira aliwaambia kwamba amemlea miaka minane na povu hilo halijamwambukiza mtu, lakini nani amsikilize? Tulikaa nje chini ya ukuta siku tatu, na mvua haikutuhurumia. Hapo niliapa moyoni kwamba tutakapopata mahali, hakuna atakayejua kwamba nina mtoto wa namna hiyo. Niliona aibu, mama. Sitaki kuipaka asali.

Basi tukapewa bashi, turubai la kuezekea, na miti huku kambini. Karani wa kuandika familia alikuwa kijana wa upande wa Bukavu, mpole, mwandiko mzuri. Kavira alikuwa ameenda kuteka maji. Kijana akaniuliza majina ya watoto, nikataja: Paluku, Kambale, Kakule. Akaandika, akanipa karatasi, tukaagana. Mtu wa Bukavu angejuaje? Nyumbani nikamwambia Kavira tumweke Kasereka ndani siku chache tu, mpaka majirani watuzoee. Alikubali kwa uchungu. Habari ya karani sikumwambia.

Sasa sikiliza ujinga wa mwanao. Baada ya wiki kadhaa akaja mama Kavugho, ambaye anatembea hema kwa hema na daftari la kituo cha afya, akihesabu watoto wa kuchanjwa. Ni wetu kabisa, mzaliwa wa Lubero. Nikamtajia vilevile: Paluku, Kambale, Kakule. Kalamu yake ikasimama. Kwetu hata mbuzi wanajua kwamba mvulana wa tatu ni Kasereka na wa nne ni Kakule. Nilikuwa nimejifunika blanketi fupi, kichwa ndani na miguu nje.

"Papa," akasema, "nyuma ya Kambale ni Kasereka. Kasereka iko wapi?"

Ningeweza kusema ukweli. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka pale, amelala. Nikaangalia chini nikamjibu, "Alikufaka njiani."

Akafanya ishara ya msalaba, akaniambia pole, na macho yake yakajaa machozi. Machozi yale yalinichoma kuliko matusi. Alipoondoka nilikaa juu ya jiwe, nikajiambia kwamba ni maneno tu, maneno hayaui.

Lakini wewe unawajua watu wetu. Wayira watakosa chumvi, kilio hawakikosi. Kesho yake mchana, akina mama wa Butembo na Lubero wa kambi hii walikuja mmoja mmoja. Huyu na kuni mbili, huyu na kopo la maharagwe, huyu na mkeka. Waliketi mbele ya bashi yangu, wakaanza kuimba polepole nyimbo za marehemu. Wanaume wakawasha moto. Kila mmoja alinishika mkono akaniambia nijikaze. Nami nilijikaza kweli, maana nyuma ya pazia Kasereka alikuwa ameamka, na unajua anavyopenda nyimbo. Alianza kuitikia. Nikakohoa, nikaimba kwa nguvu kumfunika, mpaka wakaona nimezidiwa na huzuni. Mama, sijawahi kuimba vibaya hivyo.

Hapo ndipo Kavira alipotokea, beseni la nguo kichwani. Aliona moto, mikeka, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni. Mke wa mtu anapokuta hayo mlangoni pake, ameacha mtoto mgonjwa ndani, atafikiri nini? Beseni lilianguka. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya watu kama haoni, akaingia nyuma ya pazia. Halafu akatoka amembeba Kasereka kifuani, na huyo Kasereka anacheka kwa kuona wageni wengi.

"Munalilia nani?" akauliza.

Mama Kavugho akamjibu kwa sauti ndogo, "Papa yake alisemaka Kasereka alikufa."

"Na huyu ni nani basi?"

Kavira aliniangalia mara moja tu. Mama, nimepita kwenye mabomu, lakini macho yale sitaki kuyaona tena. Watu walikusanya mikeka yao, wengine wananionea huruma, wengine wananicheka. Mzee mmoja alirudi kuchukua kuni zake, na sikumlaumu. Tangu siku hiyo Kavira hakunisemesha. Aliniwekea chakula, aliniwekea na maji ya kunawa, lakini maneno hapana.

Asubuhi iliyofuata mama Kavugho akarudi. Nilidhani amekuja kunitukana. Aliketi, akamchukua Kasereka mapajani, akaniuliza anaanguka mara ngapi kwa wiki, na anakunywa dawa gani. Nikamwambia hana dawa, kwani nilishauliza kituoni kwa siri, nikaambiwa ya kifafa haiko. Akaniuliza kama najua kwa nini haiko. Dawa zinaagizwa kwa kufuata daftari, akasema, na daftari la kambi yetu linaonyesha kwamba hapa hakuna hata mtoto mmoja mwenye kifafa, wala kiziwi, wala asiyetembea.

"Mutoto ukimuficha," akaniambia, "dawa nayo haimuone."

Mama, lile neno lilinikaa. Nilikuwa nimewakasirikia wakubwa wote wa dunia kwa kumsahau mwanangu, kumbe mtu wa kwanza kumfuta ni baba yake.

Na jambo la ajabu, aibu yangu iliwafungua wengine. Habari ya kilio cha mtoto mzima ilizunguka kambi nzima, na watu walipomaliza kucheka wakaanza kuja, kimyakimya, kwa kisingizio cha kuomba moto au chumvi. Mwanamke wa Rutshuru aliniuliza kama ni kweli sikufukuzwa, kisha akanipeleka kwake kuona binti yake asiyesikia. Mwanaume wa Masisi, baba mwenye sauti kubwa, alilia mbele yangu kama mtoto: mwanawe ana kichwa kikubwa na hajatoka nje ya bashi tangu wafike. Baada ya wiki mbili tulikuwa wazazi kumi na mmoja. Mama Kavugho akasema twende kwa daktari mkubwa wa eneo, siku atakapokuja kituoni kukagua, na twende na watoto wenyewe, maana karatasi haisikiki ikilia. Wakanichagua mimi niseme. Nilikataa. Wakasema mwenye kilio ndiye mwenye kusema.

Tulikwenda, wengine mgongoni, Kasereka kwenye chukudu kama mfalme. Hotuba niliyoiandaa ilinipotea yote mlangoni. Nikasema tu, "Dokta, miye njo niliua mutoto wangu mu kaye, mu ile daftari. Leo nimekuja mumufufue." Kisha nikataja jina lake, Kasereka, na baada yangu kila mzazi akataja la wake kwa sauti. Daktari aliuliza tulikuwa wapi miezi yote hii. Yule mama wa Rutshuru akamjibu kwamba tulikuwa tunawaogopa watu, na sasa tumechoka kuogopa. Daktari akavua miwani, akavuta daftari, akaandika mwenyewe. Akaahidi dawa za kifafa, na mtu wa kunyoosha viungo kila Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza hakuja mtu. Tulikaa chini ya bashi mpaka jua likatufika kichwani, na wapita njia wanatucheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama nirudi. Kavira hakusema nami, alisema na wenzake, lakini nilisikia: tukirudi nyumbani watasema hatukuwa na haja. Basi tukatembea wote mpaka kituoni, tukakaa mbele ya mlango kwa adabu, tukamsalimia kila aliyeingia na kila aliyetoka. Tulisalimia mpaka jioni. Alhamisi iliyofuata yule mtu alikuja, na kisanduku cha dawa nacho kikaja.

Sitakudanganya tena kwamba kila kitu kiko vizuri. Viti vya magurudumu bado ni ahadi. Dawa zilikwisha mara moja, tukaenda tena kusalimia watu mlangoni, zikapatikana. Lakini Kasereka, ambaye alikuwa anaanguka karibu kila siku, ana wiki ya tatu hajaanguka. Mtu wa viungo alinionyesha namna ya kutengeneza vishikio viwili vya mti. Mume wako anasimama katikati yavyo, miguu inatetemeka, nami nahesabu kwa Kinande chetu. Jana tulifika ishirini. Alikasirika nilipomkalisha.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Wiki hii tulienda kwa yule karani wa Bukavu kurekebisha orodha, mimi na Kavira na mtoto. Akafungua, akaona majina yangu matatu yamebanana. Akasema hakuna shida, atamwandika Kasereka chini, baada ya Kakule. Nikamwambia hapana.

"Papa, chini kuko nafasi," akasema. "Hapa katikati hakuna."

"Chini ni kwa Katembo, mutoto wa tano," nikamjibu. "Mungu akimutuma, atakuta nafasi yake. Huyu ni wa hapa katikati."

Kijana aliniangalia kama mtu aliyechoka na wakimbizi. Nyuma yangu nikasikia kitu ambacho sikukisikia kwa zaidi ya mwezi. Kavira alikuwa anacheka. Alijizuia kwa mkono, ikashindikana. Halafu akaniambia, mimi, kwa jina langu, "Paluku, mwache kijana aandike." Mama, nilitaka kulia pale pale mbele ya karani. Na wewe usianze kuhesabu miezi, Katembo bado hajatumwa.

Karani akaandika, herufi ndogo kama mchele, akizibana kati ya mistari miwili. Kavira aliinama akasoma na kidole, mara mbili.

Sasa nina ombi. Nenda kwa dada yangu Masika. Binti yake asiyesikia, yule anayepelekwa nyuma ya jiko kila wageni wakija, amwandikishe kituoni, na kama hapo hawana dawa wala mwalimu, waende wengi. Mwambie maneno haya yametoka kwa kaka yake aliyemlilia mtoto mzima. Acheke kwanza, halafu aende.

Msalimie baba mdogo anayechunga ng'ombe, na catéchiste wetu, na jirani mwenye maharagwe, mwombe msamaha kwa niaba ya mbuzi. Usisahau kuyapaka magoti mafuta. Vita vikituachia barabara, tutakuja wote kukuona, na kwenye mlima wa kanisa nitambeba mumeo mimi mwenyewe, mchana, mbele ya parokia nzima.

Ni sisi wanao: mimi Paluku, na Kavira, pamoja na wajukuu wako Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule.