Samli Kwenye Breki

Bariadi,
Jumamosi alasiri.

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natamani barua hii ikukute umeketi jikoni karibu na moto, miguu umeinyoosha, na kile kikohozi cha ukungu kimekuacha. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda kule shambani kwa juu wakati nilikukataza?

Mimi ni mzima. Jilala naye ni mzima, viungo vyake vyote vipo mahali pake, ingawa jana kwa muda mrefu sikuwa na hakika hiyo. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu yako inasema kwa sauti kubwa mpaka jirani anasikia, na kaka Daudi akisikia neno pikipiki atapanda basi kuja kunichukua, na ule mguu wake mbovu.

Mama, nina furaha hadi naona aibu. Miezi miwili ya ndoa sasa, na bado nikisikia kikohozi cha Jilala getini moyo unaruka kama siku ile ya kwanza alipokuja kufunga pampu ya maji pale shuleni kwetu, akaomba maji ya kunywa huku amesimama kwenye maji hadi magotini! Asubuhi ananichemshia chai yeye mwenyewe. Wanaume wenzake wanamcheka, naye anawajibu, "Mlioa wapishi, mimi nimeoa mke." Mama yake, ambaye hapa tunamwita Mayu, ananipenda pia. Amenifundisha kusalimia kwa Kisukuma. Nasema "Mwangaluka, Mayu," na wanawake wa kisimani wanacheka kwa jinsi ninavyoivuta kama ninaimba kwaya.

Lakini furaha yangu na hofu yangu vinalala kitanda kimoja. Unakumbuka nilivyoapa mbele yako, siku kaka alipoletwa kwenye machela kutoka ile kona ya Mombo, kwamba sitaolewa na mtu wa pikipiki? Jilala hakuwa na pikipiki. Niliuliza kabla sijakubali posa. Alisema hana, na alisema kweli. Ila hakuniambia kwamba kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yao kulikuwa na pikipiki ya marehemu baba yake, imefunikwa ngozi ya ng'ombe, na kuku wanatagia ndani ya taa yake ya mbele.

Ni ya zamani sana, Mama, ya wakati Jilala hajazaliwa. Tangi jekundu limepauka mpaka rangi ya udongo. Ndiyo iliyomleta Mayu hapa akiwa bibi harusi, amekaa ubavu, ameshika kuku wawili. Mayu akisimulia, anakuwa msichana kabisa. Sasa wiki ya pili baada ya harusi, ujumbe ukaja kutoka Bukundi kwa bibi yake Jilala mzaa baba, ambaye ni mzee sana, hakuweza kuja harusini. Alisema anataka kumshika mke wa mjukuu wake usoni kwa mikono yake, kwa sababu macho yamekwisha, na asicheleweshewe. Jilala akaniangalia kwa yale macho yake, akasema, "Nitakupeleka kwa ile ile ya mzee."

Ningesema nini? Nilicheka. Ndani nilikuwa nimekufa.

Basi ua wetu ukageuka gereji. Jilala na rafiki yake Nkwabi, fundi wa kuchomelea, waliifungua yote. Kila jioni akitoka kazini alivua shati na kukaa chini na spana, na mimi nilikaa karibu kumwangalia, Mungu anisamehe, maana alipendeza. Kiti cha zamani kilikuwa cha mtu mmoja. Wakakata fremu ya nyuma, wakaongeza chuma, fundi viatu akashona kiti kirefu cha ngozi nyeusi. Wakaweka chuma cha mimi kushikia na mahali pa kukanyagia miguu. Nkwabi alinipima urefu wa mguu kwa kamba kama fundi cherehani! Jilala akachora pembeni ya tangi ua dogo jeupe, kwa brashi ya kupakia rangi kucha zangu. Nilimwambia limefanana na kitunguu. Akasema, "Ndiyo, si wewe umetoka kwenye milima ya vitunguu?"

Na kila walipofunga boliti moja, mimi niliiona inafunguka njiani.

Sasa sikiliza kosa langu, na usinihukumu haraka.

Hapa kwao, kitu kilicholala muda mrefu hakiamshwi kikavu. Kibuyu cha maziwa, kigoda, hata jembe la marehemu, hupakwa samli kwanza ndipo kitumike. Mayu aliniita Alhamisi asubuhi, akanipa samli kwenye kikombe, akasema, "Wewe ndiye utakayepandishwa, basi wewe ndiye upake. Paka chuma chote cha mzee."

Chuma chote. Nilifanya kwa moyo wangu wote, Mama, huku nasali. Kila kipande kilichokuwa kimetandazwa kwenye mkeka nilikipaka na kukisemesha, kwamba usimwangushe, usimwangushe. Kulikuwa na vipande vinne vilivyopinda kama mwezi mchanga, vizuri kuliko vyote, vina ngozi ngumu mgongoni, vikavu vya kusikitisha. Hivyo nilivipaka mara mbili. Vikanywa samli yote mpaka havikuonekana vimepakwa.

Jioni mvua ilikuwa inanyemelea. Nkwabi akafunga magurudumu haraka haraka, Jilala akashikilia. Jana Ijumaa mchana injini ikawaka. Ee Mama, ule mlio! Mayu alipiga vigelegele akiwa na mwiko mkononi. Jilala akaizungusha uani polepole, akiisimamisha kwa miguu kama mtoto mwenye baiskeli, akasema anaenda kuijaribu mpaka Nkololo na kurudi. Simu aliiacha kwenye chaji. Akanipungia mkono. Nilimwangalia mpaka vumbi likamla.

Nkwabi alibaki kula. Nilimwekea ugali, na kwa kuwa nilitaka asifie kazi yangu, nikamwambia, "Shemeji, na mimi nimetengeneza. Chuma chote nimekipaka samli, hata vile vimiezi."

"Vimiezi gani?"

"Vile vinne. Vyenye ngozi mgongoni."

Tonge lilisimama karibu na mdomo wake. "Shemeji," akasema taratibu, "zile ni breki shuu. Zinakaa ndani ya gurudumu. Ndizo zinazolishika lisimame."

"Sasa si zitashika kwa ulaini?"

"Breki yenye mafuta ni kama kusimamia mlenda."

Alinawa mkono huku anakimbia. Akachukua bodaboda yake, akaondoka bila kufunga geti.

Mama, sijui nikueleze vipi saa zile. Nilikaa kwenye kizingiti nimeshika simu ya Jilala, ambayo haikuwa na maana yoyote, kwa sababu yeye ndiye ningempigia. Barabara ya Nkololo naijua. Si kama milima yetu, lakini kuna mteremko unaoshukia kijito, na mchana ng'ombe huvuka pale kwenda kunywa. Nilimwona kaka Daudi kwenye machela. Kila mara shati lilikuwa la Jilala. Nilisema mikono hii iliyompaka samli ndiyo itakayomwosha. Mayu alikuja kunikuta nalia, akauliza, nikamwambia. Hakunipigia kelele. Alikaa chini karibu nami kwenye kizingiti, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kukikunja na kukikunjua. Hilo lilinitisha kuliko kelele.

Jua lilikuwa limeinama tulipowaona. Wawili, wanatembea kwa miguu, kila mmoja anasukuma yake. Jilala alikuwa tope kuanzia nywele hadi vidole, anachechemea, amepoteza kiatu kimoja. Lakini anatembea! Nilitaka kukimbia nimkumbatie. Nilibaki kizingitini na simu yake mkononi.

Alikuwa anamfokea Nkwabi. "Fundi gani wewe! Nimekanyaga breki pale mteremkoni, hakuna kitu. Nimeshika ya mkono, hakuna kitu! Ng'ombe wa watu wamejaa barabarani, mchungaji ananiangalia tu. Nimekata kona nikaingia kwenye majaruba ya mpunga. Kama si tope ungekuwa unanichimbia kaburi saa hizi. Umefunga vipi breki zangu?"

Na Nkwabi alinyamaza. Anajua kila kitu, na alinyamaza. Aliangalia chini tu na kusema, "Haraka ya mvua, ndugu yangu. Nisamehe."

Mama, nakwambia ukweli: niliona mlango. Ningeweza kukaa kimya na mimi. Nkwabi alikuwa ameshanifungulia. Nikafikiri, kama Jilala atajua kwamba mke wa miezi miwili amekaribia kumuua kwa samli, ataniangalia vipi kesho akinichemshia chai? Atanichemshia tena? Hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya mchana. Halafu nikasikia Jilala anamwambia, "Pikipiki ya baba yangu usiiguse tena," na wale watu wameanza darasa la kwanza pamoja.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizipaka samli. Zote nne. Nilidhani nakuombea."

Akaniangalia. Tope lilikuwa linamdondoka puani. Mayu akainuka, akasimama upande wangu, akasema, "Na mimi ndiye niliyesema chuma chote. Ukitaka kufoka, anza na mimi niliyekuzaa."

Jilala akaketi chini pale pale, tope na vyote. Nilidhani anazimia. Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, Mama, ila machozi yalichora mistari kwenye tope. Ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa ameogopa. Sijawahi kumwona ameogopa.

"Mke wangu," akasema, "samli ni ya ugali."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nkwabi, na wewe nisamehe. Lakini kwa nini hukusema?"

Nkwabi akajibu, "Nile chakula cha mtu halafu nimsemee? Mimi si paka asiye na shukrani."

Leo asubuhi wamefungua magurudumu tena. Safari hii Jilala hakufanya mwenyewe. Aliniita, akanipa petroli na msasa, akasema, "Wewe ndiye uliyezipaka, wewe ndiye uzioshe." Nilizisugua mpaka vidole vikachubuka. Zile zilizokunywa sana zilikataa, tukaweka mpya. Nimeona jinsi zinavyopanuka ndani ya gurudumu ukikanyaga. Nimezifunga kwa mkono wangu, Nkwabi akikagua kila boliti, kisha Jilala akajaribu barabarani mara kumi, na mimi nimesimama pembeni nikihesabu. Mara zote kumi ilisimama. Mayu amepaka samli tena, maana hakukubali kuiacha kavu, lakini safari hii kwenye honi tu.

Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Bukundi. Nimekataa mara mbili, nikakubali mara tatu. Bado naogopa, Mama. Ila jana nilijifunza kwamba kukaa kizingitini kumsubiri ni kubaya kuliko kitu chochote kinachoweza kutokea nikiwa nyuma yake nimemshika kiuno. Na yule bibi anataka kunishika uso. Sitaki mikono yake ichoke kungoja kwa sababu yangu.

Nisalimie kaka Daudi, usimsomee ukurasa wa pikipiki. Wifi yangu mwambie zile kanga zake zimesifiwa kisimani. Shangazi aliyenishika mkono hadi madhabahuni mwambie bado namhitaji anishike. Na yule bibi muuza mapeasi pale sokoni, mwambie huku peasi hakuna, nayaota.

Barua hii nampa mwalimu mmoja wa Korogwe anayesafiri kesho na basi la asubuhi. Tutampitia stendi, njiani, tukiwa tayari juu ya pikipiki. Pale stendi pana mteremko, na watu wengi, na sitamkabidhi mpaka tumesimama kabisa mbele yake, miguu yangu chini.

Kwa hiyo, Mama, ukiishika barua hii, breki zilishika.

Mwanao anayekupenda na kuogopa kwa pamoja,

Adelina,
mke wa Jilala.