Sanduku la Kwenda Kanazawa

Jumapili, 9 Machi 1975

Theluji tena. Nimewavalisha mapacha, nimewavua, nimewavalisha upya kwa sababu Doto alikumbuka choo akiwa mlangoni. Hiyo ndiyo Jumapili yetu hapa Jordbro, nje ya Stockholm.

Mke wangu Zena karudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, kakaa jikoni na koti lake mwilini. Kasema jambo moja kuhusu Japani. Sharti, tena. Akina Hayashi, waliokuwa majirani zetu wa ghorofa ya juu, wamerudi kwao Kanazawa na wametualika. Tiketi tunazo. Tunaondoka tarehe 5 Aprili. Zena anataka safari ya kupumzika. Anataka kulala mpaka achoke kulala. Nikiigeuza iwe kama ile ya Kopenhagen, mimi nitabaki Jordbro na mizigo yangu, yeye ataenda na watoto.

Kopenhagen niliipanga vizuri sana. Makumbusho matatu kwa siku. Masanduku manne. Zena alisinzia amesimama mbele ya kiti cha mfalme, mlinzi akadhani anasali. Mpaka leo nasimangwa.

Nimekubali sharti. Nimeogopa, ndiyo. Mwanamke huyu hatishii, anaarifu.

Jumatano, 12 Machi

Basi napanga mapumziko. Afadhali kupakia lori.

Mimi ni msimamizi wa upakiaji kwenye maghala hapa Jordbro. Kwetu ghalani sanduku lenye nafasi ni sanduku la mzembe. Siku nayo ni hivyo hivyo. Nimeipanga siku ya kwanza ya Kanazawa: saa mbili chai, saa tatu kupumzika bustanini, saa tano kupumzika kando ya mto, saa saba kupumzika kwenye ngome. Nimemsomea Zena wakati anavua viatu. Kavua kiatu cha pili, kaenda kulala.

Kulwa kauliza kwa Kiswidi, maana Kiswahili chake ni cha kuombea biskuti tu, eti kupumzika kwenyewe kutaanza saa ngapi. Ebo! Mtoto wa miaka mitano!

Jumamosi, 15 Machi

Pazi kaja kula pilau. Mdogo wake Zena, dereva wa basi kule Södertälje. Kwangu ni shemeji, na juu ya ushemeji ni mtani: yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Mtu mmoja, ruhusa mbili za kunitukana. Babu zangu walipita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani, babu zake wakakaa barazani wakiwacheka. Mpaka leo hawajanyamaza.

Kasema Mnyamwezi hajui safari, anajua msafara. Kasema mzigo ukimtoka kichwani, upepo unamchukua. Zena kacheka mpaka kajifuta machozi kwa kanga. Nikamjibu kwamba Mzaramo ni bingwa wa kupumzika kwa kuwa hajawahi kuanza kazi. Hakutikisika. Kala sahani ya tatu.

Akiwa anavaa viatu katangaza: nikibeba zaidi ya begi moja dogo, atalikamata, haki ya mtani. Sikujali. Maneno ya mtu aliyeshiba.

Jumapili, 23 Machi

Nimenunua sanduku. Kubwa. Zena hajaliona. Liko stoo, chini ya jengo, nyuma ya baiskeli.

Najua, najua. Lakini mkono mtupu haulambwi! Niingieje kwa Hayashi nimening'iniza mikono, mtu aliyemfundisha Kulwa kuendesha baiskeli? Kwa hiyo asali ya Tabora, chupa nne. Kinyago cha mpingo. Kanga doti mbili za Bibi Hayashi. Kahawa ya Bukoba. Hizo ni zawadi tu. Bado watoto watakula nini. Kwa hiyo semolina ya kusongea ugali, kwa kuwa unga wa sembe Stockholm hauonekani. Dagaa wa Kigoma. Sufuria. Mwiko. Pasi. Mabuti ya mvua ya watu wanne. Suti yangu. Suti ya pili, iwapo ya kwanza itapatwa na jambo.

Nimepanga mpaka halikubaki tundu la kuingiza kidole. Nikalifunga, nikalitazama. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu Krismasi.

Jumatano, 26 Machi

Zena kauliza tuna mizigo mingapi. Nimesema mmoja. Si uongo.

Kisha kaniletea chai sebuleni, jambo ambalo huwa halitokei baada ya zamu ya usiku, na kaniambia kwamba nimebadilika. Nikaiacha chai mezani. Nikaenda kulala mapema kama mgonjwa.

Jumatatu, 31 Machi

Doto ameligundua sanduku. Alifuata baiskeli yake stoo. Kaniuliza kama pulka yake, kile kigari chake cha kuteleza kwenye theluji, kitaingia humo. Nikasema hapana. Kosa kubwa. Ningesema ndiyo.

Jioni kaongea na mjomba wake Pazi kwenye simu, kwa Kiswidi, mbio mbio. Nilidaka neno moja tu, "jättestor", yaani kubwa mno. Nilipomwuliza wanaongea nini, kasema wanaongea kuhusu tembo.

Jumanne, 1 Aprili

Yamenikuta.

Natoka kazini, nafika mbele ya jengo, namkuta Pazi anatoka mlango wa stoo na sare yake ya basi na sanduku langu kichwani. Kichwani! Mzaramo! Anacheza ngoma katikati ya tope la theluji, anapiga kelele, "Nimekamata! Msafara umekwisha, wapagazi mwende makwenu!" Doto anamfuata nyuma na ufunguo wa stoo. Nikainua macho. Zena yuko dirishani. Kaliona sanduku, kaniona mimi. Kafunga pazia.

Mtani akikukamatia mali huruhusiwi kununa. Unacheka, halafu mnapatana fidia. Nikacheka. Nikacheka kama mtu anayeumwa jino. Pazi akashika njia ya stesheni.

Sasa Bibi Berit wa chini, mstaafu, mlinzi wetu asiyelipwa, alikuwa dirishani kwake na mbwa wake. Kaona mwizi anakimbia na mali, mwenye mali anacheka. Kadhani nimerukwa na akili kwa mshtuko. Kawapigia polisi simu. Wamemkuta Pazi jukwaani anasubiri treni, sanduku bado kichwani, maana kasema akilitua atakuwa amekubali kushindwa.

Askari wawili wakaja kwetu, vijana, wapole. Mmoja kauliza kama huu ni mzaha wa Aprili, wanaofanyiana Waswidi siku ya leo. Nikasema hapana, huu wetu ni wa mwaka mzima. Bibi Berit kaniletea keki ya kunituliza. Sanduku limekwenda kituo cha polisi mpaka ijulikane ni la nani.

Zena kafunga mlango wa chumbani. Blanketi langu liko kwenye kochi.

Jumatano, 2 Aprili

Kimya. Ningependa anifokee.

Kafungasha begi moja. Nguo zake, nguo za watoto. Zangu hazimo. Pasipoti tatu ziko pamoja mezani, zimelaliana. Yangu iko peke yake juu ya friji, karibu na dawa ya kikohozi.

Nilitaka kumweleza juu ya zawadi, na mkono mtupu, na heshima. Nikamwona kaegemea sinki na macho yamefumba, maji yanatiririka, kijiko mkononi. Alikuwa amelala. Amesimama, kama Kopenhagen. Nikafunga bomba. Nimejichukia.

Alhamisi, 3 Aprili

Kituo cha polisi. Pazi alikuwa ameshafika, kwenye benchi, kofia ya kazi magotini. Hakunitania. Hata la mizigo ya kichwani hakusema. Nilijua mambo ni mazito.

Afisa, mtu mzima mwenye miwani, kaniuliza kwa utaratibu. Sanduku ni lako? Langu. Alilichukua kwa ruhusa yako? Hapana. Basi kaiba. Hapana. Kaniomba nieleze. Nikaeleza: ni langu, kalichukua bila ruhusa, na ana haki. Kaweka kalamu chini. Nikamweleza Wanyamwezi na Wazaramo tangu enzi za misafara. Alisikiliza vizuri sana, kisha kasema kwamba yeye ana njia mbili tu. Ama kaiba, nami niondoke na sanduku langu sasa hivi, na Pazi ajieleze mbele ya sheria. Ama nilimpa, basi ni lake.

Sanduku lilikuwa hapo sakafuni kati yetu. Lilikuwa limeanza kunuka dagaa. Chupa nne za asali ndani yake. Suti mbili. Na neno moja tu lingelirudisha mkononi mwangu, na mpaka Jumamosi ningepata njia ya kumlainisha Zena.

Nikamtazama Pazi. Dereva wa basi akiitwa mwizi, ataendesha nini tena? Na mimi nimwite mtani wangu mwizi mbele ya serikali? Nikirudi Tabora nitaiweka wapi sura?

Nikasema nilimpa.

Moyo uliuma. Kwa asali hasa.

Nje tukasimama kwenye upepo. Nikamwambia haya, taja fidia, ndivyo desturi ilivyo. Nilitegemea ataomba mbuzi. Kasema kwamba dada yake tangu wazaliwe hawa mapacha hajalala usingizi wa mchana, na fidia yake ni safari moja bila mzigo. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, bila mizaha. Nikampa mkono. Kisha kajitwika sanduku kichwani, kaondoka nalo.

Jioni simu ililia, Zena akapokea, akaongea Kizaramo muda mrefu. Sikukusudia kusikiliza, ila nyumba yetu haina nafasi. Akakata simu, akaenda kulala. Nilipokwenda jikoni kunywa maji, juu ya friji palikuwa na dawa ya kikohozi tu. Pasipoti zilikuwa nne mezani.

Jumamosi, 5 Aprili

Uwanja wa ndege wa Arlanda. Begi moja, nguo zangu zimeingia pembeni, na bado lina nafasi. Lina nafasi! Nimejizuia kununua gazeti la kujazia.

Mikono sijui niiweke wapi. Nimeitia mifukoni, nimeitoa, nimeikunja. Mtu wa tiketi kauliza mara mbili kama mzigo ni huo tu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Pazi kaja kutuaga. Amevaa suti yangu. Ile ya pili. Imemkaa kuliko inavyonikaa mimi, mshenzi yule. Kasema Mzaramo kapata nguo ya kupumzikia. Kisha katoa mfukoni chupa ya asali, moja, kampa Kulwa aishike kwa mikono miwili. Kasema mkono mtupu haulambwi, ila huu unatosha kulambwa. Dagaa amekula. Kasema walikuwa wazuri.

Nilimkumbatia. Kama nilitokwa na machozi, ni baridi ya Arlanda.

Jumanne, 8 Aprili. Kanazawa

Mvua, ndogo ndogo. Inanyesha kwenye paa na kwenye mti ulioko uani, basi. Mabuti hatuna. Akina Hayashi wametuazima ya kwao, mimi mguu unaingia nusu tu.

Hayashi mwenyewe kaenda kazini. Asali iko juu ya meza fupi, Bibi Hayashi kaiweka pale kama kitu cha mfalme, na kila anapopita anaitazama. Hakuna aliyeuliza nimeleta nini kingine. Mapacha wako uani na bibi kizee, mama yake Hayashi, wanamtazama konokono. Doto anamsimulia kwa Kiswidi, bibi anaitikia kwa Kijapani, hakuna aliyepotea.

Nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Bustani iko karibu, ngome iko karibu, mto unasikika mtu akinyamaza. Sijaenda popote. Mkono umeniwasha kidogo asubuhi kuandika ratiba, ukaacha.

Zena amelala tangu jana jioni. Saa tano hivi kafumbua macho, kaangalia dari, kaniangalia mimi. Kauliza leo tunakwenda wapi.

Nikasema sijui.

Kanitazama muda, kama anajaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha kavuta blanketi, kageukia ukutani, kalala tena.