Chupa Nne za Rejaf

Jumatatu, 12 Januari

Zimefika! Kreti sita. Siku kumi na moja njiani kutoka Kampala — tisa kati ya hizo lori lilisimama tu mpakani Nimule likingoja karatasi. Vumbi nene mpaka Janet wa jikoni akaandika jina lake juu ya kreti kwa kidole.

Mvinyo mweupe wa Naivasha. Mwekundu na mweupe wa Dodoma. Mwekundu wa Ziwai, Ethiopia, kreti mbili. Na kreti moja ya mvinyo wa nanasi wa Uganda. Hiyo bosi wetu Norman aliiongeza mwenyewe, maana yeye ni mtu wa Masaka na hakubali majirani wasifiwe peke yao.

Mpango ni huu: Jumamosi ya tarehe 24, saa kumi jioni, hapa hapa uani kwa mkahawa wetu, mtaa wa Hai Cinema. Wageni ishirini na wawili. Kuonja, siyo kulewa! Mtaalamu anakuja kwa ndege kutoka Nairobi kuwaeleza watu wanachoonja.

Mimi nitabeba glasi. Sawa. Lakini moyo ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Tangu nirudi Juba sijashika chupa ya Naivasha mkononi.

Hapa kazini hakuna anayejua. Niliwaambia Naivasha nilifanya kazi shamba la maua. Mama pia nilimwambia hivyo. Maua gani! Zabibu! Miaka minne — kupogoa, kuvuna, na miaka miwili ya mwisho ghalani kwenye mapipa na Mama Cissy, fundi wa mvinyo, aliyenifundisha kunusa kabla ya kufungua mdomo. Lakini baba alikufa kwa araki, kambini kwa wakimbizi, Adjumani, nikiwa na miaka tisa. Mama yule utamwambiaje kwamba binti yake anatengeneza pombe?

Ndiyo maana naandika Kiswahili. Mama anasoma Kibari, lugha yetu, na Kiingereza. Kiswahili anasema ni lugha ya wanajeshi, hataki hata kukiona.

Jumanne, 13 Januari

Norman kafungua chupa moja ya kila aina "aone rangi". Akanywa glasi mbili za nanasi, akapanda boda kwenda soko la Konyokonyo kutafuta viti vya kukodi. Chupa ziko wazi. Mimi niko peke yangu. Glasi safi ziko tano. Mungu anisamehe!

Naivasha kwanza. Pera ambalo halijaiva vizuri, ganda la ndimu, halafu ile harufu ya jiwe lililonyeshewa. Nilifumba macho nikajiona nimesimama kati ya mistari ya mizabibu asubuhi, umande umelowesha viatu, ziwa linaonekana kule chini. Machozi! Kwa sababu ya mvinyo! Nikatema kwenye sinki kama nilivyofundishwa. Janet akauliza kama ni mbaya. Nikamwambia ni mzuri sana. Akanitazama tu.

Ziwai — zambarau, moshi kidogo, na ukakasi unaobaki kwenye ufizi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Huu unataka nyama ya mbuzi. Dodoma mweupe — asali, lakini utamu wake una adabu, unaaga na kuondoka. Nanasi nilijiandaa kuucheka. Sikucheka! Mkavu, safi, unaamsha ulimi. Norman asijue nimeusifu.

Dodoma mwekundu — jamani. Kizibo kimepanda juu ya mdomo wa chupa. Mvinyo umevuja ukakauka kwenye shingo. Nikanusa: jamu iliyoungulia sufuriani. Nikafungua ya pili. Ya tatu. Vilevile. Dereva alisema kreti hii ndiyo ilikuwa juu kabisa, chini ya turubai, siku zote tisa za Nimule. Jua limeupika. Aliyeutengeneza hana kosa. Chini ya ile jamu bado unasikia kwamba mtu alifanya kazi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 15 Januari

Nimesema!

Norman alisema tutawapa wageni mwekundu wa Dodoma na barafu na soda, nani atajua. Nikasema mimi nitajua. Akageuka. "Charity, mimi iko na wageni ishirini na mbili, wewe nasema mimi mwaga?" Nikasema ndiyo, mwaga. Mtu akionja huu leo, kesho atasema mvinyo wa Dodoma ni mbaya. Utakuwa umewasingizia watu ambao hujawahi kuwaona.

Akauliza nimejulia wapi mambo ya mvinyo. Basi nikatoa yote. Naivasha, Mama Cissy, mapipa. Nikamwonyesha kizibo kilivyopanda. Nikamnusisha ulioharibika, halafu Ziwai, halafu tena ulioharibika. Alinusa mara tatu na uso ukabadilika. Akatoka nje. Nikajua khalas, kazi imekwisha.

Nusu saa baadaye akarudi na simu mkononi. Mtaalamu wa Nairobi ameandika: amepata safari nyingine, haji. Norman akanitazama kama mtu anayepima kitambaa sokoni.

Ijumaa, 16 Januari

MIMI!! Mimi ndiye nitakayesimama mbele!

Jumapili, 18 Januari

Lazima niandike haraka kabla haijapoa.

Jana Janet aliniambia ana mjomba wake kijijini Rejaf, ng'ambo ya mto, katekista mstaafu, ambaye "anafuga zabibu". Nikacheka. Zabibu Rejaf! Leo baada ya misa tumepanda boda, tukavuka daraja, tukapita Gumbo, barabara yote mashimo, nguo yangu ya kanisani imekuwa rangi ya tofali. Na hapo, nyuma ya nyumba, mto unang'aa kama mita mia mbili hivi —

Mizabibu. Kumi na moja! Nimehesabu mara mbili. Imepandishwa juu ya vyuma vya vitanda vya zahanati ya zamani. Imepogolewa, na imepogolewa vizuri! Vishada vidogo vya kijani vimeanza, kila punje kama mbegu ya mtama. Nilipiga kelele. Mbwa akabweka.

Mzee Constantine Igga. Mrefu, mvi tupu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Wakati wa ukimbizi alikuwa mtunza bustani kwa masista huko Uganda. Aliporudi nyumbani, wenzake walibeba mabati na magodoro. Yeye alibeba vijiti kumi na vinne ndani ya gunia lililoloweshwa. Vitatu vilikufa. Kila alfajiri anachota maji mtoni kwa madumu. Mkewe, Mama Norah, anasema kama angempenda yeye vile wangekuwa na watoto ishirini.

Mvinyo anautengeneza mara moja kwa mwaka. Huu ni wa zabibu za Septemba, uko ndani ya chupa kubwa ya kioo chini ya kitanda, umefunikwa blanketi. Tuliongea Kibari. Alisema hivi: "Watu wanaonja, wananiambia kwes, kwes, mzuri, mzuri, kwa heshima ya mvi zangu, halafu wanakwenda zao. Wewe niambie ukweli, ya biniya, binti. Mimi ni mzee, sina muda wa heshima."

Nikanusa. Karkade, yale maua mekundu ya chai. Ukwaju. Na chini kabisa ile harufu ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza. Ulimini ni mwembamba, mchachu, una kona kali. Lakini uko hai! Nikamwambia kweli: ulivuna mapema, baba, kama siku kumi mapema. Uliogopa ndege? Akapiga makofi! Ndege, ndiyo, ndege! Akamwita mkewe aje asikie. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya kitabu cha nyimbo: siku kumi.

Nimemwomba chupa nne kwa ajili ya Jumamosi. Glasi ya tano, baada ya majirani wote. Mvinyo wa hapa hapa! Akauliza kama wageni watakuwa watu wakubwa. Nikasema watu wa kawaida wenye viatu safi. Akasema atakuja na yeye.

Jumanne, 20 Januari

Mama amejua.

Norman alibandika tangazo ukutani lenye jina langu, herufi kubwa. Mama mmoja wa kanisani akaliona. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Lemon Gaba, mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, hajawasha jiko. Akauliza ni kweli nitawafundisha watu kunywa.

Sikudanganya tena. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamweleza tangu Naivasha. Kwamba hayakuwa maua. Kwamba unaweka kidogo mdomoni, unatafuta: hili ni tunda gani, huu ni udongo gani, jua lilikuwa kali au la. Halafu unatema.

"Unatema?"

"Natema, mama."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, tukasikiliza mchi. Halafu akasema, pole pole: "Baba yako alikunywa ili asisikie kitu. Sasa wewe unaniambia unakunywa ili usikie?"

Niliitikia kwa kichwa, ndiyo.

Hakunibariki. Hakunikataza pia. Akainuka akawasha jiko.

Alhamisi, 22 Januari

Zimekuja! Mpwa wa Mzee Igga kazileta kwa boda kutoka Rejaf, zimefungwa kwa khanga ya Mama Norah. Chupa nne, vizibo vimepigwa kwa nyundo, kila moja ina karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa katekista: REJAF, SEPTEMBA. Norman akaziinua kwenye mwanga, akauliza kama hizi ni dawa ya kikohozi. Nimezificha nyuma kabisa ya friji. Sifungui hata moja mpaka siku yenyewe — zote nne ni za wageni.

Ijumaa, 23 Januari

Nimefanya mazoezi mbele ya Janet na vikombe vya maji. Alisema nanusa maji vizuri.

Nimerudi nimekuta shati langu jeupe limepigwa pasi, liko kwenye msumari. Mama yuko jikoni, anaimba, hageuki. Shati linanukia mkaa na sabuni.

Jumamosi, 24 Januari. Stoo, saa kumi na moja na robo jioni

Norman ametangaza mapumziko watu wale nyama. Nina dakika chache.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko nilivyoota! Wote walitema! Watu wazima na suti, wanatema kwenye ndoo, wanacheka kama watoto. Mama mmoja anaitwa Alek, daktari, alifumba macho kwenye Ziwai akasema ni jikoni kwa bibi yake, moshi na kila kitu. Kila mtu akarudi kwenye glasi yake kutafuta bibi yake. Nanasi walipiga makofi — Norman karibu alie. Mwekundu wa Dodoma niliwaambia wazi: haupo leo, barabara imeuharibu, mkiupata mzima popote uonjeni. Sikuogopa hata kidogo. Nikasema glasi ya tano ni siri.

Mzee Igga amekaa mstari wa mbele. Suti nyeusi, tai. Mama Norah pembeni yake. Hajagusa nyama.

Nimefungua ya kwanza. Siki.

Ya pili. Siki. Ya tatu. Ya nne.

Zimejazwa mpaka mabegani mwa chupa tu. Hewa imejaa shingo yote, halafu ile safari ya boda juani. Mama Cissy alituimbia kila siku: jaza mpaka juu, hewa ni mwizi. Na mimi Jumapili, kwa furaha zangu, sikumwambia mzee! Neno moja tu. Na juzi sikuonja. Kosa ni langu lote.

Norman kaingia, kanusa — sasa anajua kunusa! Akanong'ona: changanya na Ziwai nusu kwa nusu, rangi ni ileile, wageni watafurahi, mzee atasifiwa. Hana ubaya, anampenda yule mzee. Na mimi niliishika chupa ya Ziwai. Niliishika kabisa. Glasi ya kwanza nilimimina Ziwai mpaka katikati.

Halafu nikaiweka chupa chini, nikamtuma Janet amwite Mzee Igga.

Aliingia ameinama kwa sababu ya mlango mfupi. Nikampa glasi ya mvinyo wake peke yake, bila kuchanganya. Akanusa. Akanywa, hakutema. Alikaa na glasi ile mpaka nikasikia friji inavyonguruma.

"Ni zabibu au ni chupa?" akauliza.

"Ni chupa, baba. Zilitakiwa zijae. Sikukwambia."

"Kwa hiyo mizabibu haina kosa."

"Haina."

Akavuta tai yake ikakaa sawa. "Wamiminie," akasema. "Kidogo kidogo, wote. Usichanganye. Nitawaambia mwenyewe."

Akatoka. Janet anamimina, mimi naandika kwa sababu mikono haitaki kutulia. Namsikia kupitia mlango — anaongea Kiarabu cha Juba, sauti ile ya kusoma masomo kanisani. Ana Igga, min Rejaf — mimi ni Igga, wa Rejaf. Anawaeleza gunia lililoloweshwa. Vijiti kumi na vinne. Mtu amecheka, sijui ni kicheko cha aina gani. Viti vinasogea.

Anataja jina langu. Glasi ishirini na mbili ziko kwenye trei na Norman ameshika mlango wazi, ananingoja nitoke —