Hela Aliyoigonga Baba Kondo

Temeke,
Dar es Salaam.
14 Agosti, 1937.

Mpendwa Kaka Mfaume,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Tabora ukiwa mzima, na lile goti lako limekubali kukunjika unaposali. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Muhogo umezaa mpaka tunagawia majirani.

Zuena wangu ameolewa! Bwana arusi ni seremala wa Kinondoni, mpole, anakula kuliko anavyosema. Arusi ilifana, na sauti imenikauka mpaka leo.

Sasa kaa kitako, kaka. Unaujua wazimu wangu wa kukusanya hela za Tabora, zile Wajerumani walizozigongesha karakanani wakati wa vita, walipozibiwa bahari na fedha za Ulaya hazifiki tena. Nawe ukaniazima ile aliyoigonga marehemu baba yako mwenyewe, Mzee Kondo, ambaye nami namwita baba, iliyoharibika, taji limekwenda upande. Alikupa wewe kabla hajachukuliwa upagazi asirudi. Huna kumbukumbu yake nyingine, nami niliapa kuitunza kama mboni ya jicho langu.

Basi siku ya kumtoa biharusi, dada Mwanaheri akaona senti za kumwagia pamoja na mchele ni chache. Akaingia chumbani kwangu, akafungua kopo la biskuti ninamozitunza. Hela za Mjerumani hazitumiki tena, na mimi huzisugua kwa ndimu zikang'aa. Akaona hizo ndizo hasa. Nilipotoka uani nilizikuta zinamnyeshea binti yangu kichwani, na watoto wa mtaa mzima wamezivamia. Nilicheka na wageni, lakini moyoni nilikuwa nalia.

Kesho yake watoto walinijia wamenuna. Walikwenda kununua pipi za gubiti, mwenye duka akawafukuza. "Mzee, hela zako hazinunui!" Nikaonekana tapeli mbele ya mke wangu, ambaye alicheka mpaka akakaa chini. Nikawabadilishia kwa senti, wakaenda zao wananisifu. Zilirudi zote, isipokuwa ya baba.

Niliitafuta hadi kwenye takataka za jikoni. Siku moja nikapita kwa jirani yetu Bi Hija, nikamwona mjukuu wake mchanga ana hela shingoni, imetobolewa na kutiwa uzi, naye anainyonya. Taji limekwenda upande. Bi Hija aliiokota arusini akaona ni bahati. Nilipomweleza ni ya nani alianza kuufungua uzi, machozi yanamlenga. Nikamwambia, "Acha kwanza, mama. Nimwandikie mwenyewe."

Ukiitaka, kaka, nitapanda gari moshi nikuletee, na tundu lake. Nisamehe, amana yako imenishinda. Neno ni lako, ila jibu upesi, maana mtoto anaota meno.

Lakini jua na hili. Bi Hija amemsimulia kila mtu kisimani, na sasa kila anayempakata yule mtoto huigeuza ile hela na kuuliza, "Ndiyo hii ya Mzee Kondo?" Baba hatuna hata kaburi lake la kuzuru. Huku Temeke, ambako hakuwahi kufika, wanamtaja kila asubuhi na kumwombea rehema. Nimefurahi, kaka, siwezi kukuficha.

Mwanaheri anakusalimu, kwa haya kidogo. Nisalimie shemeji Mwanakombo na Mwalimu Mwinshehe. Mola akupe afya, na nyumba yako isikose cheko.

Mdogo wako akupendaye,
Marijani