Ukuta Usiopitisha Risasi

Jumanne, 9 Mei 1967

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi: Mwalimu Kinoti, mtu mzima mwenye kitambi chake, leo ameanguka matopeni akiwaonyesha darasa la pili mto Tana. Kiatu cha kushoto hakijaonekana. Siku ya matanga itatajwa.

Mto umekuwa mwekundu, unabeba miti mizima. Hapa jua kali tupu! Hiyo ni mvua ya kwetu Meru, imenifuata hadi huku.

Raho, jirani wa Kisomali anayeniuzia maziwa, kaja mikono mitupu. "Maalim, mto nakuja. Kesho sisi nahama kule juu. Wewe na mama njoo na sisi." Nikamwambia mimi sina ngamia. "Ngamia iko. Lakini akikuona wewe, maskini, atalia!"

Jumatano, 10 Mei

Boma la kina Raho limetoweka — mikeka, mbuzi, kila kitu. Musyoka, karani wa kituo cha serikali hapa, kaja mbio. Eti Wasomali wakihama ghafla, shifta, wale waasi wenye bunduki, wako njiani. Nikamweleza habari ya mto. "Mwalimu, wanataka utoke nje ya ua wakumalize!"

Basi sisi wa bara tutalala kwenye ghala la mawe, pale ukingoni mwa mto. Kuta nene, risasi haipiti. Tumerundika magunia ya mchanga mlangoni. Mke wangu Loise kauliza, na maji je? Nikamwambia asitishe watu. Mimi, ambaye nimekagua komeo mara tatu!

Alhamisi, 11 Mei — juu ya paa la ghala

Niandike ilivyokuwa, maana Musyoka ameanza kusimulia kwamba tulivamiwa. Hatukuvamiwa. Haikulia risasi hata moja. Alfajiri maji yaliingia chini ya mlango, tukadhani mtu kamwaga ndoo. Yakafika magotini. Mlango ukagoma — magunia yetu wenyewe yalikuwa yamelowa, hayasukumiki. Tukatoboa bati kwa shoka, tukavutana juu. Loise alibaki chini, ameganda kwa hofu. Nilipomfikia, maji yalikuwa kidevuni mwake. Bado anakohoa matope. Hajui kuogelea. Mimi pia.

Ukuta wa upande wa mto umepasuka. Paa linacheza.

Na sasa kuna watu wanakuja kutoka kule juu, maji vifuani, ngamia mbele. Wana vitu virefu mabegani. Musyoka ameshika bunduki ya kituo. Anasema ni shifta, wakifika kwenye ule mti wa mgunga anapiga. Mimi naona miti ya kujengea nyumba na kamba — au ndivyo ninavyotaka kuona.

"Maalim! Maalim Kinoti!" Sauti ya mwanamke. Loise anasema ni Raho. Musyoka anasema mwanamke ndiye chambo.

Nimeketi mbele ya mtutu, mgongo wangu umeuziba. Naandika ili nisigeuke. Musyoka ananiambia, Mwalimu, toka hapo. Sauti yake inatetemeka kuliko yangu.

Ngamia amefika kwenye mgunga.