Kioo cha Bibi Hattie

Glenburn, North Dakota
Juni 9

Mpendwa Shangazi Lorna,

Kabla hata ya salamu, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na habari za hali ya hewa nitaishia kwenye hali ya hewa, na wewe unanijua. Kile kioo cha Baba kilichopotea miaka kumi na miwili iliyopita, nilikichukua mimi. Hakikuanguka, wala hakikuchukuliwa na mtu wa zamu nyingine kama Babu anavyoamini hadi leo. Kiko hapa mezani, kando ya karatasi hii.

Sasa naweza kukusalimu. Hujambo, Shangazi? Watoto, Petra na Ansel, hawajambo? Mama anasema huko Kodiak mvua imewanyeshea wiki tatu mfululizo na kifua kimekusumbua. Natumaini umepata nafuu na unakunywa kitu cha moto. Sisi huku ni wazima. Babu Arlen magoti yanamuuma, ila ulimi wake haujambo kabisa. Asante kwa skafu uliyonitumia nilipomaliza shule. Niliivaa chini ya joho siku ile, ingawa jua lilikuwa kali na nililoa jasho mgongo mzima.

Siku hizi namkumbuka sana Bibi Hattie, ile ndege yetu. Labda kwa sababu asubuhi nikifungua dirisha bado nazisikia ndege za mabomu za B-52 zikipashwa moto kule kwenye kambi ya jeshi la anga, na vikombe vya Mama vinagongana kabatini kama zamani. Nikiwa mdogo niliweza kumtambua Hattie kati ya wenzake wote. Alikuwa na kiraka chini ya tumbo, upande wa kushoto, na jina lake lilikuwa limeandikwa puani tangu kabla Baba hajaajiriwa. Unakumbuka anavyoruka? Mabawa yananyanyuka kwanza, yale marefu yanayolala karibu na ardhi akiwa amesimama, halafu ndipo mwili unakubali kuyafuata, na nyuma yake injini nane zinaacha moshi mweusi juu ya mashamba ya ngano. Nilikuwa nikidhani anapumua.

Babu alimhudumia akiwa kijana wa miaka ishirini. Baba akaja kumhudumia ndege yuleyule, na Hattie alikuwa amemzidi Baba umri. Sijui mashine nyingine iliyolea watu namna hiyo. Najua alitengenezwa kwa kazi gani, Shangazi. Babu hakutuficha. Alikuwa akisema, "Mpendeni, lakini msisahau anachobeba." Nimejaribu kufanya yote mawili.

Utaikumbuka ile siku ya familia kambini, maana ni wewe uliyenishika mkono. Nilikuwa na miaka sita. Ulikwenda kupanga foleni ya soseji ukaniacha kivulini, chini ya bawa la Hattie, karibu na Baba. Jina la Baba lilikuwa limepakwa ubavuni mwa ndege: Sajenti Wendell Haugland, fundi mkuu. Wageni walikuwa wakimuuliza kama ndiye rubani, naye anawajibu, "Hapana, bwana. Ndege ni yangu. Rubani ninamwazima tu, tena namwambia airudishe ikiwa safi."

Sanduku lake la vifaa lilikuwa wazi. Unajua lilivyo: ndani kuna sponji iliyokatwa, kila spana na kila bisibisi ina shimo la umbo lake, ili ukitazama mara moja tu ujue kilichokosekana. Kioo kilikuwa pembeni, kile kidogo cha mviringo chenye mpini wa kuvuta, cha kuchungulia mahali ambapo jicho halifiki. Nilikichomoa nikakitia ndani ya soksi.

Watu wangesema mtoto alivutiwa na kitu kinachong'aa. Mimi mwenyewe nimejaribu kuamini hivyo. Lakini sivyo. Jioni ya jana yake, mezani, Baba alikuwa amemwambia Babu kwamba wiki ijayo anakwenda kisiwa cha Guam na Hattie, miezi sita. Kisha wakaingia kwenye mazungumzo yao ya kazi.

"Kifaa kimoja tu kikikosekana, Mzee, haendi popote," Baba alisema. "Hata kiwe kidogo kama kidole."

"Enzi zetu tulihesabu hadi vifungo vya shati," Babu akamjibu. "Nyinyi wa leo mmedekezwa."

Walicheka. Mimi nilikuwa chini ya meza na mwanasesere wangu, nikaelewa kila neno. Kwa hiyo nilikichukua kioo nikijua. Nilitaka Hattie asiende, ili Baba asiende.

Na hakwenda. Walimfungua Hattie tumbo lote. Walipanga mstari bega kwa bega wakatembea uwanja mzima vichwa chini, kama wanavyotembea kila siku kuokota vijiwe visije vikaingia kwenye injini, ila safari hii walikuwa wakitafuta kioo. Siku mbili. Baba alirudi nyumbani amechubuka viwiko kwa kutambaa mle ndani na tochi. Ndege nyingine ikapelekwa Guam na fundi mwingine. Mwishowe mkubwa mmoja akatia sahihi kwamba kioo hakimo ndani ya ndege, na Hattie akaruhusiwa kuruka. Lakini jina la Baba likafunikwa kwa rangi ya kijivu. Nililiona pengo lake siku Mama aliponipitisha kwa gari. Hakupewa ndege tena kwa jina lake. Aliwekwa stoo, kugawa vifaa kwa mafundi wengine.

Nilipata nilichokitaka, Shangazi. Nilipotimiza miaka saba Baba alikuwepo. Alikaa pale mezani, na keki yake hakuigusa.

Mwanzoni niliogopa kupigwa, japo hajawahi kunipiga. Baadaye niliogopa kwa sababu ya muda uliokwisha kupita. Kila mwaka ulifanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi. Hattie alipoondolewa kazini na kupelekwa jangwani Arizona, kunakolazwa ndege zilizostaafu, Baba alisimama kwenye theluji akampungia mkono, nami nilisimama kando yake na sikusema.

Jumamosi iliyopita walimuaga Baba, maana amestaafu. Mama alioka viazi na nyama sufuria tatu, na Babu alisimamia lefse, zile chapati zetu za viazi, kama jenerali, akimlaumu kila aliyezikunja vibaya. Ulipofika wakati wa zawadi, Duane Pruitt, yule rafiki yake mnene wa stoo, akaingia na kitu kikubwa kimefunikwa shuka. Ulikuwa ni mzaha wao wa kila mwaka juu ya kile kioo kilichopotea, ila mwaka huu walikuwa wameukuza. Akavuta shuka, na chini yake kulikuwa na kioo kizima cha kujipambia kimepigiliwa kwenye mpini wa fagio.

"Wendell!" alipaza sauti. "Tumekipata! Kumbe ulikuwa umekikalia!"

"Kilikua kwa kunywa mafuta ya ndege!" mwingine akadakia.

Watu walicheka hadi machozi. Baba naye alicheka, akamkumbatia Duane na kumwambia, "Wewe bonge, na hiki ukikipoteza nitakukata mshahara." Lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Baadaye kidogo nikaona hayupo.

Nilimkuta gereji, amesimama mbele ya sanduku lake la nyumbani. Sikuwahi kulitazama kwa makini. Amelikatia sponji kama lile la kambini, kila kitu shimoni mwake, isipokuwa pembeni kulikuwa na shimo moja tupu, la mviringo, lenye mkia mrefu mwembamba.

Nilimwuliza hilo ni la nini, ingawa nililijua umbo lake kuliko yeye.

"Hilo?" alisema. "La kunikumbusha nihesabu mara mbili." Kisha akaniangalia. "Mimi nilihesabu, Marit. Asubuhi ile nilihesabu. Hakuna aliyeniamini, na siku hizi hata mimi sijiamini."

Kioo kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekibeba tangu asubuhi nikisema leo ndiyo leo. Nikamwambia Baba kwamba Mama anatuita tukakate keki.

Sijalala vizuri tangu hapo. Unajua tarehe ishirini na nne naondoka kwenda Texas, kujifunza kazi ileile ya Baba na Babu. Nilipotia sahihi ya kujiunga na jeshi, Baba alikwenda akaniletea glavu zake za baridi. Nitawezaje kuzivaa, nikakabidhiwa sanduku la vifaa, nikaambiwa hesabu?

Nilifikiri kukirudisha kwenye lile shimo wakati Baba amelala, kisha nipande basi. Lakini kifaa hakirudishwi hivyo. Aliyekichukua ndiye anayekileta, anakiweka mkononi mwa mwenyewe, na mwenyewe anahesabu mbele yake. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo, kwa spana za baiskeli.

Kwa hiyo nimepanga Jumapili ya tarehe ishirini na moja, siku ya akina baba, tukitoka kanisani. Sijui atasema nini. Lakini atajua kwamba alihesabu sawa.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nisiweze kurudi nyuma. Babu anakusalimu na kusema samaki uliomtumia walikuwa na chumvi kama bahari nzima, lakini amewamaliza. Mama anakusalimu. Nisalimie Petra, umwambie baiskeli yangu ni yake akija, na umbusu Ansel. Mungu akutunzie kifua hicho, na awaweke salama huko kwenye mvua.

Wako akupendaye,

Marit

N.B. Jumapili hiyo utapiga simu asubuhi kumsalimu Babu, kama kawaida yako, na Baba ndiye atakayepokea. Nakuomba, Shangazi, usimdokeze lolote, hata akikuuliza mbona sauti yako imebadilika. Ongea naye habari za samaki. Nitunzie siri hii hadi mchana tu.